Jasho la Alfajiri: Barua za wanaojiandaa na marathoni ya kwanza

Kikapu cha barua kimejaa. Naandika haya saa nne usiku, sare za shule za watu zikiwa bado zinanisubiri kwenye cherehani, kwa sababu nisipojibu sasa wengine mtaanza mazoezi vibaya. Wengi mmeandika tangu Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, hadi picha ya mstari wa mwisho ilipotazamwa ndipo ikajulikana nani katangulia. Siku ile nilisimamisha cherehani, na wateja hawakulalamika.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, nina miaka 51. Nilianza kukimbia nikiwa na 42 na nimemaliza marathoni nne. Ninayowaandikia nimeyapitia kwa miguu yangu. Penye ugonjwa nitawaambia muende hospitali.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 34, naishi Pongwe. Kila Jumamosi nakimbia kilomita 10 na kundi letu la jogingi, kwa dakika 55. Nataka nikakimbie marathoni nzima Moshi mwishoni mwa Februari. Sasa ni mwanzo wa Oktoba. Kila nikijaribu kuvuka kilomita 16, pumzi zinakata na miguu inagoma. Nianzie wapi?

Marahaba mwalimu. Tatizo lako liko kwenye barua yako mwenyewe, wala si pumzi. Kilomita 10 kwa dakika 55 ni dakika tano na nusu kwa kila kilomita. Hiyo ni kasi ya mtu anayekwenda kilomita 10 kisha anarudi nyumbani kunywa chai. Ukitoka na kasi hiyohiyo kwenda kutafuta 16, 20, 25, mwili lazima ugome.

Mbio zako ndefu zipeleke kwa dakika 7 kwa kilomita, na penye joto hata 7 na nusu. Vijana wenzako watakupita wakikuuliza kama unaumwa. Waache wapite. Mimi kipimo changu ni kaswida: naimba kwa sauti ya chini, ubeti baada ya ubeti, na pumzi ikikatika katikati ya mstari napunguza mwendo mpaka mstari utoke mzima. Wewe msomeshe mwenzako somo la kesho njia nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeshazidisha.

Mwendo huo mdogo ndio unaojenga. Moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unajifunza kutumia mafuta yake badala ya kumaliza sukari yote mapema. Kano na mifupa huimarika taratibu kuliko misuli, kwa hiyo nazo zinapata muda. Nimeona watu wanne kwenye kundi langu wakiharakisha kwa wiki mbili na kukaa nje miezi miwili kwa ajili ya goti.

Una wiki 20 hivi, zinatosha. Kimbia siku nne kwa wiki, usiongeze ya tano hata ukijisikia una nguvu. Siku mbili za katikati ya wiki ziwe kilomita 6 hadi 10, moja kati ya hizo ukiichangamsha kidogo. Siku ya tatu fupi, ya kulegeza miguu. Jumapili ndiyo siku yenyewe: 14, kisha 16, kisha 18, halafu wiki ya nne urudi 13 upumzike. Tena 19, 21, 23, urudi 15. Endelea hivyo mpaka ufike 30, mara moja au mbili, basi. Hakuna haja ya kukimbia kilomita 42 zote za marathoni kwenye mazoezi. Utajichosha ukafike Moshi umekwisha. Ile 30 ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mbio, baada ya hapo punguza kila wiki. Wiki hizo za kupunguza zitakutesa kichwani, utahisi unapoteza nguvu. Huzipotezi.

Bahati yako unaishi Pongwe, ukitoka mlangoni kwako mpaka mjini na kurudi una mbio ndefu tayari. Mimi naifanya kinyume chako, natoka Ngamiani. Lakini kumbuka Desemba mpaka Februari ni kaskazi, na hapo ndipo mbio zako ndefu zinapoangukia. Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshafunga kamba za raba. Saa mbili asubuhi jua la Tanga halikuulizi umebakiza kilomita ngapi. Wiki mbili za kwanza za joto utajiona umerudi nyuma, kisha mwili unazoea: jasho linaanza mapema na moyo unatulia.

Sasa nikuonyeshe pale wanapoangukia wengi, kwa sababu hata mimi niliangukia hapo.

Mwaka niliokwenda mara ya kwanza, njia ya Moshi ilianzia uwanja wa Ushirika, ikafuata barabara ya Dar es Salaam, ikarudi mjini, ndipo ikaanza kupanda kuelekea Mweka. Nilikuwa nimepanga dakika 7 na nusu kwa kilomita. Asubuhi ile kulikuwa na ubaridi ambao sisi wa pwani hatuujui, watu maelfu, nikajiona mwepesi. Kilomita ya 5 nikatazama saa: nakwenda dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita. Nikajiambia ni ubaridi unanisaidia. Nusu ya njia niliifikia dakika 17 kabla ya muda niliojipangia, na nilifurahi.

Barabara ya Mweka ukiitazama haitishi. Inapanda tu, haiachi kupanda, migomba huku, kahawa huku. Karibu na kilomita ya 29 mikono yangu ikaanza kuwa ya baridi ilhali jua lilikuwa limeshatoka. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kwake na ndoo ya maji na ndizi mbivu kwenye ungo. Akanipa ndizi. Nikaishika, nikaitazama, sikujua naimenya kwa wapi. Mimi, niliyemenya ndizi tangu utotoni. Yule mama akanitazama usoni, akaichukua tena mkononi mwangu, akaimenya, akanikatia vipande na kunilisha kimoja kimoja kama unavyomlisha mtoto anayetoka kwenye homa. Hakuniuliza jina. Alipomaliza ndizi ya pili akasema, "Sasa tembea, mama, usikimbie bado."

Kilichonipata kina maelezo. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, wataalamu wanaiita glaikojeni, na kwa wengi wetu akiba hiyo hukaribia kwisha kwenye kilomita ya 30 au hapo jirani. Ukikimbia kwa kasi unaimaliza mapema zaidi. Ubongo nao chakula chake ni sukari, ndiyo maana nilishindwa hata kumenya ndizi. Nilimaliza kwa saa 6 na dakika 2. Mwaka uliofuata, njia ileile, nilijizuia nusu ya kwanza mpaka nikapitwa na wazee, nikamaliza kwa saa 5 na dakika 24.

Kwa hiyo kula kabla hujasikia njaa, kuanzia dakika ya 40. Gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa ndiyo kiasi kinachoshauriwa. Tende tano au sita za kawaida ziko karibu na gramu 30, nazo tumbo langu linazipokea. Zitoe kokwa nyumbani, uzifunge kwenye kimfuko. Zijaribu kwenye mbio ndefu za Jumapili, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa. Siku ya mbio usile kitu kipya hata upewe bure.

Na mlima? Tanga mjini hatuna mlima wa maana. Kama una ndugu Lushoto au Amani, mtembelee Jumapili mbili tatu ukimbie kwao. Kama huna, panda na kushuka ngazi za jengo lenu la shule mara kumi, mara moja kwa wiki.

Shikamoo mama. Nina miaka 29 na mtoto mmoja, nakaa Makorora. Natamani sana kukimbia ila navaa hijabu, na nikirudi kwapa na mapaja yamechubuka mpaka naoga kwa kulia. Pia mama mkwe haoni kama ni jambo la mke wa mtu, na vijiweni wananisemesha.

Marahaba mwanangu. Hili ni swali la fundi, umelileta panapohusika.

Chukua blauzi unayokimbilia, ipindue ndani nje, upitishe kidole juu ya mshono wa kwapa. Unakwaruza, sivyo? Pale ndipo vipande vinne vya kitambaa vinapokutana, kisha ovaloki imepita juu yake. Kwa mbio ndefu mkono wako unapita pale maelfu ya mara, na jasho likikauka linaacha chumvi, kwa hiyo ngozi inasuguliwa na uzi na chumvi pamoja. Mpelekee fundi wako umwambie akuwekee kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi chini ya kwapa. Sisi mafundi tunakijua: mshono unahama kutoka kwenye kikunjo. Kama hakijui, niandikie tena nikuchoree.

Kitambaa kiwe cha jezi, kile chepesi chenye vitundu. Pamba nzuri kwa kulalia, lakini kwenye jasho inabeba maji, inakuwa nzito na inang'ang'ania mwili. Chini vaa taiti ndefu inayofika kwenye kifundo, juu yake kanzu fupi ya magotini yenye mpasuo pembeni kote kuwili. Mapaja hayagusani ngozi kwa ngozi na stara ipo. Hijabu ishone kwa kitambaa hichohicho, mita moja inatosha, iishie kifuani, na nyuma ya shingo uweke lastiki badala ya pini. Pini inachoma na inatoka. Sidiria ibane vizuri bila kukunyima pumzi. Kabla ya kutoka paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, kwapani, chini ya ukingo wa sidiria na katikati ya vidole vya miguu. Paka mengi.

Kuhusu mama mkwe, nakuelewa, kwa sababu wangu alinuna mwaka mzima. Sikubishana naye. Nilimwambia kila siku napita wapi na narudi saa ngapi, na nikarudi saa hiyohiyo niliyosema. Siku moja nilichelewa dakika 20, nikamkuta barazani amejifunga kanga anataka kuja kunitafuta. Kesho yake nilikuta chupa ya uji wa ulezi imewekwa mezani, hakusema kitu. Mpe muda wake.

Na vijiwe: usitoke peke yako gizani. Tafuta mwanamke mwenzio hata mmoja. Njia ya kwenda Raskazone kupitia Bombo asubuhi ina watu wa kutosha wa mazoezi, na upepo wa bahari uko usoni. Mimi na wenzangu wawili huwa tunapita hapo kabla jua halijapanda. Ukituona tusimamishe.

Mambo, mama. Mimi ni dereva wa bodaboda, Chumbageni. Raba mpya za kukimbilia bei yake siiwezi. Za mitumba zinafaa?

Zinafaa ukijua kuchagua. Mimi marathoni zangu zote nne nimekimbia na za mitumba. Usidanganywe na rangi wala jina. Igeuze uangalie kisigino: kama kimelika upande mmoja, iache, mwenye kiatu alikuwa na mwendo wake na wewe una wako. Bonyeza sponji ya pembeni kwa dole gumba. Ikiwa na mistari mingi ya kukunjamana na hairudi, imekufa. Iweke juu ya meza iliyo sawa uone kama imesimama wima. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya dole gumba, kwa kuwa mguu huvimba kwenye mbio ndefu, na ikibana kucha zitakuwa nyeusi. Nenda kuijaribu jioni, miguu ikiwa imeshachoka na kupanuka. Raba ya kukimbilia hudumu kilomita 500 mpaka 800 ikiwa mpya, kwa hiyo ya mtumba usiidai miaka miwili.

Na wewe unayekaa kwenye pikipiki siku nzima, nyonga zako zimekaza. Nyoosha kabla ya kulala, kila siku.

Kocha wa kundi letu anatuambia tunywe maji lita moja kila nusu saa ili tusianguke. Ni sawa?

Hapana, hiyo ni hatari. Maji yakizidi sana chumvi ya kwenye damu inashuka, mtu anaumwa kichwa, anavimba vidole, anatapika, anachanganyikiwa, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa hilo. Dalili zake zinafanana na za mtu aliyekaukiwa na maji, na wasiojua wanamwongezea maji.

Jipime. Mimi niliazima mzani kwa jirani. Januari moja nilitoka na kilo 64, nikakimbia saa 2, nikarudi na 62 na nusu, na njiani nilikunywa nusu lita. Maana yake nilitoa jasho lita 2, yaani lita moja kwa saa. Haikulazimu kuirudisha yote hapohapo. Kunywa unaposikia kiu, mafunda machache kila mara. Ukirudi na uzito mkubwa kuliko uliotoka nao, umekunywa kupita kiasi. Dafu ni zuri na sisi wa pwani tunalipenda, lakini chumvi yake ni kidogo. Baada ya mbio ndefu kula na chakula chenye chumvi, au tumia paketi ya ORS kwa maji ya kipimo kilichoandikwa.

Asalaam alaykum. Mwaka 2026 Ramadhani inatarajiwa kuandama katikati ya Februari. Mbio za mwisho wa mwezi huo niende nikiwa nimefunga?

Waalaykum salaam. Mimi sitakwenda. Kilomita 42 bila tone la maji ni kuutia mwili kwenye hatari, na masuala ya ruhusa ya msafiri muulize sheikh wako, si mimi. Ndani ya mfungo nakimbia kilomita 5 au 6 taratibu, kama robo tatu ya saa kabla ya futari, ili nikifika tu nifungulie, au baada ya tarawehe. Mwezi unatosha kulinda nilichojenga. Tafuta mbio nyingine za katikati ya mwaka, wakati wa kusi, hewa ikiwa imepoa.

Habari za kazi, mdogo wangu. Nina miaka 63, mstaafu. Watoto wamenilipia marathoni. Nahofia kuwa wa mwisho, watu wameshaondoka, mimi bado niko barabarani.

Shikamoo kaka. Kwanza, kabla ya raba, nenda ukapime presha, sukari na moyo. Mwambie daktari kilomita ngapi unataka kwenda. Ukisikia kifua kinabana njiani, simama, usivumilie.

Pili, unamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968 Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likateguka na bega likaumia. Walioanza walikuwa 75. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshavuka mstari zaidi ya saa nzima wakati Akhwari alipoingia uwanjani usiku, bandeji mguuni, anachechemea. Alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, akasema nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Washindi wengi wa miaka hiyo watoto wetu hawawajui. Yeye wanamjua.

Kaka, waulize waandaaji barabara inafungwa saa ngapi, huo ndio muda wa kuupangia. Ukikimbia dakika 4 na kutembea 1 tangu kilomita ya kwanza, bila kungoja uchoke, utafika mbali kuliko unavyodhani. Kama ni mbio ninazokwenda nami, nikitangulia nitakusubiri mstarini, niandikie namba yako ya kifuani.

Mama, baada ya kumaliza nifanye nini? Nina basi la kurudi Tanga siku hiyohiyo.

Ungelala Moshi, mwanangu. Kama haiwezekani, basi usikae chini ukishavaa medali. Tembea robo saa, kunywa kidogo kidogo, ndani ya saa moja uwe umekula wali au ndizi na maharage. Badilisha nguo zote, soksi kwanza. Kata tiketi ya kiti cha upande wa njia ili unyooshe mguu. Basi likisimama Same, shuka. Likisimama Mombo, shuka tena, hata kama miguu inakataa, shika mlango ushuke kinyumenyume kama unayeshuka ngazi ya mnazi. Korogwe nunua machungwa. Siku mbili zinazofuata ngazi zitakuuma kuliko siku ya mbio, ni kawaida. Lakini maumivu ya sehemu moja tu, yanayozidi badala ya kupungua, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, hayo yapeleke hospitali siku hiyohiyo. Usikimbie wiki nzima. Wiki ya pili kilomita 4, polepole, na ukipita Ngamiani ingia kibandani kwangu nikuone.